Kura za Albamu ya Kutu

Jumapili, 2 Machi

Kwako kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Wifi hajambo? Wanangu wawili je? Na mama na goti lake? Mwambie yale mafuta ya kuchua niliyompa si pambo la kabati, ayatumie. Mimi sijambo, na nikisema sijambo tu nakupunja. Kaka, kumbe ndoa ndiyo hii, na nyinyi mlioingia kabla yetu mkakaa kimya! Leo ni wiki ya sita. Asubuhi nainjika chai, narudi kumtazama Nyundo alivyolala, mikono juu ya blanketi, vidole vinachezacheza kama vinahesabu, na chai inamwagika jikoni kila siku. Chumba chetu ni kimoja na dirisha linatazama ukuta wa jirani, lakini ukuta ule jua likichomoza unageuka rangi ya chungwa, nami najiona malkia.

Sasa habari yenyewe. Albamu imetoka! Unakumbuka nilikwambia Radi Kavu, bendi ya Nyundo, wameingia studio? Siku tisa, kaka, chumba kimebandikwa trei za mayai ukutani na magodoro ya zamani mlangoni, joto la tanuri. Mimi nilikaa ngazini siku zote tisa baada ya kazi. Siku ya saba Nyundo alitoka viganja vimechubuka kwa kupiga dramu, nikamfunga vitambaa, akarudi ndani akaupiga ule wimbo tena mara nne. Albamu inaitwa Kutu. Nyimbo nane, roki nzito tupu, magitaa yananguruma mpaka vikombe vinahama mezani. Lakini wimbo wa sita ni wa taratibu, na ni wangu. Haunitaji jina. Mimi najua.

Na jana, saa tisa alasiri, kwenye hiyo redio yako, tumesomwa namba kumi na nane katika Albamu Ishirini Bora! Nyundo alisimama katikati ya chumba na koleo mkononi. Halafu akanibeba.

Kaka, wewe si uko palepale wanapohesabu kura? Hebu nieleze, kuponi zinahesabiwaje hasa? Nauliza tu.

Mdogo wako mwenye raha zake,
Chiriku

*

Alhamisi, 13 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba. Barua yako nimeisoma kwa sauti mezani. Wifi yako akaniuliza mbona mimi simtazami akilala. Nikamwambia ningemtazama, ila anakoroma. Sasa nala chakula baridi kwa ajili yako. Watoto wazima. Mama mafuta anayatumia, na anawachua na majirani.

Hongera kwa shemeji. Nimeisikiliza Kutu kazini. Wimbo wa tatu umemfukuza mzee wa usafi ofisini, wa sita umemrudisha.

Umeuliza juu ya kura. Ni kazi ya karani, haina siri. Gazeti la burudani linatoka Jumatatu, ukurasa wa kumi na tano una kuponi. Msikilizaji anaikata, anaandika jina lake, mtaa wake na albamu anayoipenda, anaitia kwenye sanduku la mji wake. Magunia yanatufikia Ijumaa. Tuko watatu kwenye meza ndefu, kila albamu ina trei yake. Tunahesabu, mwenzako anahesabu tena, tunaandika. Sheria ni moja: mtu mmoja, kuponi moja, kwa wiki. Hatuna njia ya kujua kama mtu ni mmoja, ila tunawaamini watu.

Nikuambie ukweli ili usiumie: bendi ngeni huingia, huchungulia, hutoka. Wiki hii hamkusomwa, na mimi nilijua kabla. Usilie. Namba kumi na nane mara moja ni jambo kubwa kwa watu wanaofanya mazoezi kwenye karakana ya kuchomelea vyuma.

Kaka yako

*

Jumapili, 6 Aprili

Kaka yangu wa pekee,

Shikamoo sana! Vipi nyumbani? Mama hajambo? Huku tuko salama, ukuta wetu bado unageuka chungwa, na nimeshona pazia.

Kaka, uliniambia nisilie, nililia. Wiki mbili jina letu halikusomwa. Jumamosi ya pili Nyundo aliizima redio kabla mtangazaji hajamaliza, akatoka, nikamkuta nje anasafisha baiskeli isiyo na uchafu. Aliniambia, "Mke wangu, labda nilikuwa nimejidanganya. Mimi ni fundi wa kuchomelea anayepiga makelele." Alivyolisema lile neno, kaka! Kama mtu anayevua kiatu kinachombana. Niliapa moyoni.

Na tazama Mungu alivyo! Wiki iliyofuata tumerudi, namba kumi na nne! Halafu tisa! Na jana tano! Mtaa mzima unatujua. Mwenye duka ananiita Mama Radi. Msumeno, yule mwimbaji wao, siku hizi anavaa miwani ya jua hata ndani. Nyundo anacheka usingizini, nakuapia. Na jana aliniambia, huku amenishika mikono yote miwili, kwamba tukifika namba tatu anaiacha karakana, awe mwanamuziki kamili. "Watu wameniita," amesema, "nitakataaje?"

Nimefurahi mpaka chai imemwagika tena.

Kazini kwangu ni kama kawaida. Bado niko chumba cha magazeti yaliyorudi. Yasiyouzwa yanaletwa Jumatano, nayahesabu, nafunga mia mia kwa kamba, yanauzwa kwa wenye maduka wafungie bidhaa. Kazi ya peke yangu, kimya, nzuri kwa kuota ndoto.

Mbona huniandikii? Barua yako ya mwisho ina wiki tatu.

Chiriku wako

*

Jumatano, 30 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Goti la mama limepoa, sasa anapanda ngazi za majirani wote kuwaambia mkwe wake ni wa nne katika nchi. Nisamehe kwa kuchelewa. Nilianza barua hii mara tatu.

Sina mengi. Kazi ni nyingi. Trei ya Kutu inajaa haraka, ni mimi ninayeihesabu.

Nimefurahi kuona wenzako wa kidato cha nne bado wanapenda muziki. Nimewaona wote, kuanzia yule wa kwanza kwenye daftari la mahudhurio mpaka wa mwisho, kwa mpangilio uleule aliokuwa akiwaita mwalimu wenu. Ninyi mlikuwa arobaini na wawili, sivyo? Nakumbuka kwa sababu ulikuwa ukiliimba lile daftari ukiosha vyombo, na mimi nikikurushia sabuni unyamaze. Wameandika wiki baada ya wiki. Hata yule rafiki yako aliyekaa dirishani. Yule tuliyemzika.

Na shangazi yetu mkubwa pia, ambaye redio ikiwashwa huifunika kitambaa. Ameichagua Kutu wiki tatu mfululizo.

Shemeji asiharakishe kuacha kazi.

Kaka yako

*

Jumatatu, 5 Mei

Kaka,

Shikamoo. Mama hajambo, wifi hajambo, watoto hawajambo, natumaini.

Sijui unazungumzia nini. Watu wenye majina yanayofanana ni wengi.

Juzi tumesomwa namba mbili. Watu walikuja mlangoni na sufuria wanazipiga kama dramu. Nyundo aliwasalimia mmoja mmoja, akaja akaniambia sikioni, "Unaona? Hawa wote, na sikuwajua hata mmoja." Leo asubuhi amemwambia bosi wake kwamba mwisho wa mwezi anaondoka. Bosi amempa mkono na kumwambia akishakuwa tajiri asiwasahau. Mtu wa kushika nafasi yake ameshapatikana.

Kaka, umewahi kumwona mtu unayempenda akitembea kama kwamba ardhi imetandikwa kwa ajili yake? Mimi ninamwona kila siku, kuanzia mlangoni mpaka kituo cha basi. Ningefanya lolote mwendo ule usikatike. Sisemi nimefanya. Nasema ningefanya.

Na wewe, kama ulikuwa na neno, si ungelisema wiki ya kwanza? Wewe ndiye unayeshika trei. Wewe ndiye unayeandika namba. Ulihesabu mwenyewe, ukaandika mwenyewe, ukaja kuninong'oneza baada ya wiki sita. Basi endelea kunyamaza. Nakuomba. Nipe zawadi hii moja tu ya harusi.

Mdogo wako

*

Alhamisi, 15 Mei

Chiriku,

Marahaba. Umenipiga pale panapouma, na ni haki yako.

Nilijua tangu wiki ya kwanza. Ile kuponi ya pili tu niliujua mwandiko, kwa maana mimi ndiye niliyekushika mkono ukajifunza kuandika. Nilipofika kwa yule wa dirishani niliiweka kalamu chini, nikaenda kunywa maji. Halafu nikarudi, nikahesabu. Arobaini na mbili. Wiki iliyofuata mia na kumi. Juzi mia mbili na thelathini. Nilijiambia ni bibi arusi, acha afurahi, albamu yenyewe ni nzuri, nani anaumia? Mwenzangu alipotaka kuirudia trei yangu nilimwambia nimeshairudia. Katika miaka kumi na moja sijawahi kusema hivyo.

Sasa nikueleze nani anaumia. Kuna mwimbaji mmoja, bibi wa makamo ya mama yetu. Mwaka jana alirekodi albamu baada ya kukaa kimya miaka mingi. Alikuwa namba ishirini, ya mwisho, wiki kumi na tano hajabanduka. Mlipoingia namba kumi na nne, aliyekuwa wa mwisho akatoka. Jumatatu hii alikuja ofisini mwenyewe, na begi lake la kitambaa, akakaa kwenye benchi la wageni. Hakuja kugomba. Aliniuliza, "Mwanangu, nimewakosea nini wasikilizaji? Niambie, nirekebishe." Nilimwambia ladha za watu hubadilika, bibi. Akanishukuru! Akasimama, akanishukuru kwa muda wangu.

Nimekaa na ile asante siku tatu. Nikimwona mama anapita na chai naangalia pembeni.

Jumatatu ya tarehe 2 Juni naingia kwa mkuu wa kipindi kumweleza yote, langu na lako. Nimekupa wiki mbili si kwa ajili yako, ni kwa ajili ya shemeji. Asiisikie kwenye redio. Asiisikie kwa mtu. Mwambie wewe, na umwambie kabla hajakabidhi vifaa vya watu karakana.

Kaka yako

*

Jumapili, 1 Juni

Kaka,

Shikamoo. Msalimie mama. Usimwambie kitu kwanza.

Sikumwambia.

Nilikuwa nimwambie Jumapili ya kwanza baada ya barua yako, akaniletea sandali. Nikasema Jumatano, Jumatano wakaja wenzake wa bendi kusherehekea. Nikasema Jumapili nyingine, akaamka na homa. Kila siku nilikuwa na sababu nzuri, kaka, nilizipanga kama vitambaa kabatini. Alhamisi iliyopita akaenda dukani kununua skrubu za kigoda cha dramu. Alirudi na furushi, akalifungua mezani, skrubu zikamwagika, naye hakuziokota. Akainyoosha karatasi iliyofungia. Ilikuwa ukurasa wa kumi na tano, na katikati palikuwa na tundu la mraba, limekatwa kwa mkasi, safi.

Akasema, "Muuza duka analalamika. Anasema siku hizi magazeti yote anayouziwa yana madirisha, skrubu zinadondoka."

Nikacheka. Kaka, nilicheka! Sijui kicheko kile kilitoka wapi.

Akapitisha kidole kwenye tundu. Akanitazama. Anajua ninafanya kazi wapi, anajua nani anafunga yale magazeti. Akauliza, "Ngapi?"

Nikasema, "Mpenzi wangu, keti kwanza."

"Ngapi?"

Nikamwambia. Wiki kwa wiki. Nilimwambia nilivyokuwa nikikaa juu ya mafurushi wakati wa chakula cha mchana, mkasi mapajani, naandika majina. Nilivyoanza na daftari la darasa kwa sababu nalijua kwa moyo, likaniimbia lenyewe, mpaka nikaandika jina la marehemu na sikusimama. Nililiona, kaka. Wino haujakauka nililiona. Nikaliacha, maana moja ni moja.

Hakunipigia kelele. Afadhali angepiga, anajua kupiga kelele, ndiyo kazi yake. Alisema, "Wale watu waliokuja na sufuria, niliwashika mikono." Halafu akasema, "Ulifikiri sitoshi." Nikamwambia hapana, nilifikiri unatosha kuliko wote! Akasema, "Basi ungeacha nipate zangu."

Ijumaa alikwenda karakana. Nafasi yake ameshakaa mtu. Aliomba kazi yoyote. Wamempa brashi ya waya, anasugua mageti kabla ya wenzake kuyapaka rangi. Amewaambia wenzake wa bendi mwenyewe, hakutaka niwepo. Msumeno amevua ile miwani.

Analala ukutani, mimi mlangoni. Tunasalimiana kama wapangaji. Jana usiku aliuliza jambo moja tu: za kweli ni ngapi? Nimeshindwa kumjibu. Mimi zangu nazijua, zake sizijui. Wewe tu ndiye unayejua. Nakuomba, kabla hawajakutoa kwenye meza ile, tazama. Hata kama ni tatu.

Sijui kama bado nina mume au nina mtu mstaarabu anayengoja aibu yangu ipoe ndipo aondoke.

Mdogo wako

*

Jumatatu, 9 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba.

Nimemwambia mkuu. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kama nina la kuongeza, nikasema sina. Nimetolewa kwenye kuhesabu. Sasa niko stoo ya kanda za zamani, navuta vumbi, na ni adhabu ndogo kuliko niliyostahili. Mzee wa usafi ameniletea kitambaa cha kufunga pua. Wale wenzangu wawili hawanisemeshi. Mmoja amehesabu nami tangu siku ya kwanza ya kazi. Tukikutana korido anasoma tangazo ukutani, na ukutani hakuna tangazo.

Kutu itaondolewa Jumamosi hii tarehe 14, na watatoa sababu hewani. Hawatataja majina, watasema "mtu wa karibu na bendi" na "mfanyakazi wetu". Yule bibi anarudi namba ishirini. Wiki zile zote alizokosa hakuna wa kumrudishia.

Mama nilimwambia mimi. Aliniuliza, "Sasa zile ngazi nilizozipanda nizishukeje?" Jioni alitoka, akapita nyumba zilezile, moja moja. Sikumwambia afanye hivyo.

Za kweli. Nilichambua gunia la wiki ya mwisho kabla ya kuondoka. Zako naweza kuzitoa nimefumba macho. Wiki ile namba kumi na nane zilikuwa sabini na moja, na zote zilikuwa halali, mwambie shemeji hiyo aishike. Baada ya hapo zilipungua kidogo kidogo. Za mwisho ni thelathini na saba. Kwa haki angekuwa nje, kama namba ya ishirini na tatu hivi.

Kuponi zikishahesabiwa huwa zinachomwa. Nimemwomba mkuu anipe hizo thelathini na saba, akanipa bila kunitazama. Ziko kwenye bahasha hii. Usizifungue wewe. Mpe yeye.

Kaka yako

*

Jumapili, 22 Juni

Kaka yangu,

Shikamoo. Wasalimie wote. Mama nimemwandikia barua yake peke yake.

Jumamosi ile tuliwasha redio saa tisa kasorobo. Nilitaka tuifungue chini chini. Nyundo aliinuka, nikafikiri anaondoka, kumbe alifungua mlango na dirisha, akaipandisha sauti mpaka mwisho, akarudi kukaa kitandani pembeni yangu. Mtangazaji akasema yote. Nje watu waliokuwa wanazungumza wakageukia mlango wetu. Mtoto mmoja akauliza, "Si ndio hawa hapa?" na mama yake akamwambia, "Hebu twende." Nilikuwa naangalia miguu yangu, ndani ya zile sandali alizoniletea. Sijawahi kuona aibu yenye sauti kubwa hivyo. Baadaye nilimuuliza kwa nini, akasema, "Walipokuja na sufuria mlango ulikuwa wazi."

Jumatatu nilikwenda kwa msimamizi wangu nikamweleza habari ya magazeti. Amenitoa kwenye yaliyorudi. Nimepewa meza ya katikati ya ukumbi, nakunja vipeperushi, watu kumi na wawili wananiona. Hakuna anayeniuliza kitu, ila mkasi nikiugusa wote wanageuka. Mwenye duka ameacha kuniita Mama Radi. Ananiita dada, kwa heshima kubwa, inachoma.

Bahasha yako nilimpa Nyundo imefungwa. Alikaa nayo siku mbili. Jana asubuhi akaifungua, akazipanga kuponi kitandani, safu saba. Akasoma kila jina, kila mtaa, polepole, kama mtu anayeonja. Kuna mmoja ameandika pembeni, kwa penseli, kwamba wimbo wa nne mpiga dramu amechelewa mapigo mawili lakini yeye kaupenda hivyohivyo. Nyundo akaruka. "Ni kweli!" akasema. "Nilichelewa! Kasikia!" Akacheka, kaka. Akageuka kunionyesha, akakumbuka, kicheko kikapungua, lakini hakikuisha chote. Mkono wake ulibaki umenyooshwa na ile kuponi. Nikaipokea, nikaisoma, nikamrudishia. Ndiyo mara ya kwanza kunipa kitu mkononi tangu siku ya skrubu.

Ameamua kuwaandikia wote thelathini na saba. Nikajitolea kumsaidia, si unajua mwandiko wake, kama kuku kapita. Akasema, "Hapana. Wewe umeshawaandikia watu vya kutosha." Alilisema bila ukali. Nilikwenda kuosha kikombe kilichokuwa safi.

Halafu, baada ya muda, akanisogezea karatasi moja na kalamu. "Hii tu ndiyo yako," akasema. "Yule bibi."

Nimekaa nayo tangu saa mbili asubuhi. Kaka, mimi ambaye salamu zangu zinajaza ukurasa kabla ya habari! Nimechana nne. Ya kwanza ilikuwa na maua pembeni. Ya pili nilimweleza mapenzi ni nini, kama kwamba yeye hakuwahi kupenda. Ya tatu nililaumu redio. Ya nne ilikuwa nzuri sana, yenye kutoa machozi, nikaisoma mara mbili nikagundua anayeliliwa humo ni mimi. Nyundo anaandika zake upande wa pili wa meza. Hajanyanyua kichwa, lakini kila ninapochana ananisogezea karatasi nyingine.

Sasa nimeandika hii, nakunakilia yote:

"Shikamoo Bibi. Hunijui. Mimi ni mke wa mpiga dramu wa Radi Kavu. Kura zilizokutoa kwenye orodha niliziandika mimi kwa mkono wangu, majina ya uongo, na mume wangu hakujua. Wasikilizaji wako hawakukuacha. Naomba radhi."

Imebaki nafasi kubwa chini. Mkono unanivuta niongeze. Posta ya barabara kuu inafunguliwa Jumapili mpaka saa sita, na Nyundo ameshavaa viatu, anasema tutakwenda wote na tutarudi wote. Nafunga bahasha sasa hivi, kaka, kabla sijaanza kuirembesha.

Mdogo wako